Matokeo ya darasa la saba yametoka: maswali ya wazazi wa Dodoma kuhusu kuchagua sekondari (uzi maalumu)

Mwalimu wa Miyuji

Wakuu, habari za majukumu.

Kila Baraza la Mitihani likishatoa matokeo ya darasa la saba, simu yangu haipumziki. Jirani, muumini mwenzangu, mtumishi aliyehamia juzi kutoka Dar, wote wanauliza lile lile: "Mwalimu, huyu mtoto nimpeleke wapi?" Nimefundisha hisabati sekondari hapa mkoani, za serikali na za binafsi, na wanangu wamepita humo humo. Nimeona nifungue uzi mmoja niweke ninavyoona, wenzangu mwongeze. Shule za binafsi sitazitaja kwa majina, ziwe za kusifia au za kulaumu, maana hapa hatumfanyii mtu biashara.

Nianze na jambo ambalo wazazi wengi hawaulizi kabisa. Tunaingia ofisini kwa mkuu wa shule, tunaoneshwa ukutani divisheni wani ziko ngapi, tunaridhika. Mimi nataka uulize hivi: watoto wangapi walianza kidato cha kwanza hapa, na wangapi kati yao wamefanya mtihani wa kidato cha nne hapa hapa?

Wala huna haja ya kusubiri mkuu wa shule akujibu. Ingia tovuti ya NECTA, yaani hilo Baraza la Mitihani, ni bure. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyo, hesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha nne cha miaka miwili mbele, shule ile ile, hesabu tena. Waliofanya kidato cha pili 2022 ndio wa kidato cha nne 2024. Tuseme kidato cha pili walikuwa 96 na kidato cha nne wako 58. Wale 38 wamekwenda wapi? Watoto huhama, wazazi huhamishwa kikazi, ada humshinda mtu. Wakipungua wachache sina neno. Lakini ukiona pengo kubwa namna hiyo mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi, ujue hapo kuna mchujo. Shule imejiwekea wastani wake, asiyeufikia mzazi anaitwa aje amchukue, au anaachwa aendelee kukaa darasani ila mtihani anasajiliwa kituo kingine ili asiharibu rekodi. Serikali imekwisha kukataza mambo haya zaidi ya mara moja, na bado yapo.

Kwa hiyo shule ikikwambia "hatuna ziro hata moja", inaweza kuwa inasema kweli kabisa na bado isikufae. Mtoto wako akiwa wa kati, anayehitaji mwalimu wa kumvuta, hiyo shule itavuna ada yake ya miaka miwili halafu itamrudisha kwako akiwa amevunjika moyo. Nimewapokea watoto wa namna hiyo kidato cha tatu. Mtoto anaingia darasani ameshaamini kwamba yeye ni mjinga, na muhula mzima unaishia kumtoa kwenye hiyo imani kabla hata hujagusa aljebra.

Halafu mabango. Tangu Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Ukiona bango barabarani limeandika "ya tatu kitaifa" kwa matokeo ya baada ya hapo, uliza aliyezipanga ni nani.

Nakuja na mengine, nijibu kwanza maswali.

Mama Ilazo

Mwalimu shikamoo. Asante kwa hili, hapa nimeshafungua tovuti nahesabu. Ila naomba unisaidie kuyasoma hayo matokeo yenyewe. Naona pointi, naona GPA, naona herufi, sielewi ipi ya kufuata.

Mwalimu wa Miyuji

Marahaba mama. Kidato cha nne wanachukua masomo saba mtoto aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Wanajumlisha. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni wani, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, 34 na 35 ni ziro. GPA ya shule, yaani wastani wake, inavyokuwa ndogo ndivyo shule ilivyo vizuri, usije ukasoma kinyume.

Lakini mimi nakushauri usiishie kwenye divisheni. Shuka chini kwenye ufaulu wa somo moja moja. Utakuta shule ina divisheni za kuvutia zilizobebwa na Kiswahili, historia na jiografia, huku hisabati nusu ya darasa ni F na fizikia wamefanya watoto wanane tu. Mwanao akiwa anaota udaktari au uhandisi, divisheni ya shule hiyo haimsaidii. Kidato cha tano wanaangalia C tatu au zaidi, na ziwe kwenye masomo yanayounda tahasusi, yaani yale masomo matatu atakayosoma huko. Mtoto mwenye divisheni ya tatu na C za fizikia, kemia na hisabati ana njia ya sayansi. Mwenye divisheni ya pili iliyokaa upande wa sanaa, njia hiyo hana.

Mtumishi Mtumba

Mkuu uzi mzuri. Sisi tulioletwa na serikali huku tulikuta shule hatuzijui hata moja. Maswali mawili. Kwanza, mtoto wangu alisoma msingi ya Kiswahili, atapona kwenye sekondari ya Kiingereza? Pili, shule nyingi zinatoa mtihani wa kujiunga na unalipia fomu. Nimelipia tatu sasa.

Mwalimu wa Miyuji

Atapona, wengi wanapona. Shule za serikali huanza na wiki kadhaa za kozi ya Kiingereza kwa kidato cha kwanza, na shule nzuri haiishii kwenye hizo wiki. Uliza mwalimu wa kidato cha kwanza anafanyaje mtoto asipoelewa: anamfafanulia kwa Kiswahili kisha anamrudisha kwenye Kiingereza, au anamvisha kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani kwao? Ukiona hivyo vibao, ondoka na mwanao. Mtoto aliyetishwa hanyooshi mkono, na asiyenyoosha mkono hajifunzi lugha yoyote.

Kipindi hiki kati ya Septemba na Januari ni cha thamani kuliko prifomu nyingi ninazoziona, yale masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Tafuta kitabu chepesi cha hadithi za Kiingereza, asome kurasa mbili kwa sauti kila siku, akueleze kwa Kiswahili amesoma nini. Na jedwali la kuzidisha. Nalisema hili kama mwalimu wa hisabati: mtoto anayekwama kwenye 7 mara 8 atakwama kwenye kila kitu mbele.

Mtihani wa kujiunga si kosa, shule inataka kujua inampokea nani. Kosa ni kuuza fomu mia tano kwa nafasi sitini. Kabla hujalipia uliza nafasi zilizobaki ni ngapi, na uliza kama baada ya mtihani utaoneshwa karatasi ya mwanao. Ile karatasi ni yako.

Mama Ilazo

Niongeze hapo kwenye hela, maana mimi limenikuta. Tulitajiwa ada ya mwaka milioni mbili na laki mbili, mimi na baba yao tukakaa tukapiga hesabu tukasema tutabana. Fomu ya kujiunga ilipokuja: godoro la vipimo vyao, tranka, shuka za rangi yao mbili mbili, sare ya darasani, ya kushindia, ya Ijumaa, ya michezo, sweta, zote zinashonwa pale pale shuleni. Rimu za karatasi. Fagio, ndoo, jembe. Kitambulisho. Fedha ya tahadhari. Huduma ya kwanza. Mtihani wa ujirani mwema. Kufika Juni wakaleta kambi ya likizo, na ni lazima. Sikulala.

Mwalimu wa Miyuji

Pole sana mama, na hujawa peke yako. Wazazi, usiulize "ada ni shilingi ngapi". Omba karatasi ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba, yenye kila senti, ikiwa na mhuri. Kama kuna kambi za likizo, ziandikwe. Kisha uliza ya kidato cha nne, maana mwaka wa mtihani una michango yake na mahafali yake. Shule isiyotaka kukupa karatasi hiyo imeshakujibu.

Na hapo hapo uliza mambo matatu ambayo huwa tunaona aibu kuyauliza. Nikichelewesha awamu ya pili, mtoto anarudishwa nyumbani siku ya ngapi? Nikimhamisha katikati ya mwaka, fedha iliyobaki inarudi? Na nikidaiwa, mtaniruhusu nichukue uhamisho na kumbukumbu zake? Kuna mtoto nilimfahamu alirudishwa getini asubuhi ya mtihani wa nusu muhula kwa deni la laki na nusu. Baba yake alikuwa ameshalipa zaidi ya milioni moja mwaka ule.

Hakikisha pia mtoto ana namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, kutoka shule ya msingi. Bila hiyo namba usajili na uhamisho vinasumbua sana, na wazazi wengi wanaigundua siku wanapoihitaji.

Fundi Kizota

Mwalimu mimi naomba nizungumze kama mtu wa chini. Kijana wangu amepangiwa shule ya kata. Nyumbani shemeji zangu wananiambia nimemzika mtoto, nikope nimpeleke ya binafsi. Mimi ni fundi wa alumini, kuna mwezi kazi zipo na kuna mwezi hakuna. Nafanyaje?

Mwalimu wa Miyuji

Kaka, hujamzika mtu. Naomba hapa nikae kidogo, maana ndipo wazazi wengi wanapoumia bure.

Tangu Januari 2016, kwa waraka wa elimu namba 5 wa 2015, ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne iliondolewa. Kabla ya hapo ya kutwa ilikuwa 20,000 na ya bweni 70,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 ikaondolewa na ya kidato cha tano na sita. Sare, madaftari na nauli vimebaki kwako, na chakula cha mchana mnakubaliana wazazi kwenye kikao. Nenda kwenye hicho kikao. Shule za kata nilizoziona zikipanda hapa Dodoma, nyingi zilianza kupanda siku wazazi walipokubaliana mahindi na maharage, watoto wakaacha kukaa hadi saa tisa na njaa. Mtoto aliyetembea kutoka Ntyuka au Nala kwenye jua la Oktoba, hajala tangu alfajiri, kipindi cha mwisho cha kemia hakisikii hata ukimwimbia.

Sasa badala ya kukopa milioni mbili, fanya hivi. Nenda shuleni siku ya kawaida, mwone mkuu wa shule, uliza walimu wa hisabati na fizikia wapo wangapi na wanafundisha madarasa mangapi. Kote nchini walimu wa masomo hayo ndio wanaopungua. Akikwambia mwalimu wa fizikia hayupo, umeshajua pesa yako iende wapi: tafuteni wazazi watano, mumlipe mwalimu mmoja wa fizikia Jumamosi, kila mzazi anatoa kidogo. Usimlipie masomo ya ziada ya somo ambalo shuleni linafundishwa vizuri.

Kisha omba kuona maabara. Siku hizi majengo ya maabara yapo karibu kila mahali, wewe angalia ndani. Maabara inayotumika utaijua: meza ina madoa, bureti zimewekwa zikiwa zimelowa, kuna harufu ya gesi au spiriti, kuna daftari la kemikali lenye tarehe ya wiki hii. Isiyotumika nayo utaijua, kila kitu kinang'aa na juu ya mizani pana vumbi. Watoto wa shule hiyo wanakutana na praktiko kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha mtihani.

Jambo la mwisho kwako kaka. Mtoto wa shule ya kata ambaye mzazi wake anafungua daftari lake kila Ijumaa jioni, hata kama mzazi haelewi kilichoandikwa, namwona anafika. Walimu wanajua upesi ni mtoto gani ana mtu nyuma yake.

Mzee wa Kikuyu

Fundi usikubali kutishwa. Sisi wengine kaka zetu walisoma Mazengo, ile iliyogeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007. Hakuna aliyechagua shule, unapangiwa, unapanda gari moshi unakwenda. Kilichowasukuma ni walimu waliokuwa wanakaa pale pale shuleni. Uliza mkuu wa shule walimu wake wanaishi wapi. Wanaotoka mjini kwa bodaboda kila siku, mvua ikinyesha hakuna kipindi cha kwanza.

Mama Ilazo

Mzee hilo la walimu wanaishi wapi sikuwahi kulifikiria. Asante sana baba.

Binti wa Kondoa

Naomba niseme upande wa mabweni, mimi nimemaliza bweni si miaka mingi iliyopita, na wazazi wengi mnatembelea shule siku ya wazazi wakati pilau ipo na vitanda vimetandikwa.

Nendeni siku ya Jumanne saa saba mchana. Mwangalie sahani. Halafu muulizeni matroni maji yanatoka wapi wiki ambayo bomba halina kitu, maana hii ni Dodoma na wiki hizo zipo. Kuna kisima? Matanki mangapi? Tulikuwa tunaamshwa saa kumi usiku kupanga ndoo kwenye foleni, na msichana aliye kwenye siku zake akikosa maji anajificha bwenini, anakosa vipindi siku mbili tatu kila mwezi. Jumlisheni kwa mwaka. Shule yenye chumba cha wasichana chenye maji, sabuni, pedi za akiba na mahali pa kutupia, hiyo inawajali, na si lazima iwe ya gharama.

Pili, madirisha ya bweni. Angalieni kama nondo zimechomelewa moja kwa moja na mlango ni mmoja tu. Watoto waliokufa kwa moto kwenye sekondari za Shauritanga mwaka 1994 na Idodi mwaka 2009 walikuwa wasichana wa bweni, wamelala. Uliza mlango wa pili uko wapi, usiku unafungwa kwa kufuli na nani, na ufunguo analala nao nani. Matroni analala ndani ya jengo au ana nyumba ng'ambo ya uwanja? Mzazi msione haya. Mkijibiwa "usiwe na wasiwasi mama", bado hamjajibiwa.

Na la mwisho. Mtoto wenu akitaka kuwaeleza jambo baya, atawaeleza kwa njia gani? Kwetu simu ilikuwa moja, ofisini, unaongea mwalimu akiwa amekaa mbele yako. Kwa hiyo hakuna aliyesema kitu.

Mwalimu wa Miyuji

Binti, umesema kuliko mimi nilivyoweza. Wazazi someni hiyo mara mbili. Mimi naongeza kidogo tu: kubalianeni na mtoto neno moja la siri la kusema kwenye simu, likimaanisha "njoo unione". Na ukilisikia, uende.

Baba Nzuguni

Na fimbo je? Mwanangu msingi alirudi na alama mgongoni.

Mwalimu wa Miyuji

Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 ziko wazi. Anayeruhusiwa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Viboko havizidi vinne. Msichana anaadhibiwa na mwalimu wa kike, ila kama shule haina. Na inaandikwa kwenye daftari maalumu. Omba kuliona hilo daftari. Kama halipo na fimbo zipo mikononi kwa kila mwalimu, unajua shule hiyo inaendeshwaje. Mimi binafsi hisabati sijawahi kuona ikiingia kwa fimbo.

Mkulima wa Kibaigwa

Mwalimu naomba ufafanuzi wa huu mkondo wa amali. Huku tunaambiwa ni wa watoto walioshindwa. Na nina mwingine yuko nyuma, nasikia darasa la saba linafutwa.

Mwalimu wa Miyuji

Si wa walioshindwa hata kidogo. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Wa amali ulianza na kidato cha kwanza cha Januari 2024 kwenye shule zilizochaguliwa. Mtoto anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani: ujenzi, umeme, kilimo, ushonaji, mapishi na nyinginezo. Lengo ni atoke na elimu ya kidato cha nne na ufundi mkononi. Kwa mji unaojengwa kama huu wetu, fundi umeme aliyesoma vizuri anakula.

Ila usimpeleke kwa jina la mkondo. Ingia karakana. Kuna mashine ngapi kwa watoto wangapi? Mwalimu wa fani ameajiriwa au anakuja akipatikana? Vifaa vya kufanyia mazoezi, mbao, nyaya, vitambaa, nani ananunua? Amali bila karakana ni kunakili ubaoni jinsi ya kushika nyundo.

Kuhusu huyo wa nyuma, sikiliza vizuri. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari. Mwaka 2027 darasa la sita wa mtaala mpya na darasa la saba wa mwisho wanamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza. Ni makundi mawili ya watoto kwenye mlango mmoja. Mwenye mtoto kwenye madarasa hayo aanze kutembelea shule mapema, aulize wamejenga madarasa mangapi na wana viti vingapi. Na anayetaka ya binafsi ajue nafasi zitagombewa mwaka huo.

Mtumishi Mtumba

Mkuu nimepigiwa simu na mtu, anasema ana nafasi Msalato, nitume laki tatu ya kuweka jina la binti.

Mwalimu wa Miyuji

Usitume hata mia. Msalato ni shule ya serikali ya wasichana wenye vipaji maalumu, kundi moja na Kilakala, Mzumbe, Ilboru, Kibaha, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Wanaopangiwa ni waliopata alama za juu kabisa darasa la saba na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ndiyo inayopanga. Haiuzwi. Huyo ni tapeli, peleka namba yake polisi.

Mama wa Bahi

Mwalimu, na dada wa Kondoa, naombeni ushauri wenu leo kabla sijafanya uamuzi. Binti yangu ana miaka 13, amefaulu, amepangiwa shule ya kata iliyo mbali, kwenda tu ni zaidi ya saa mbili kwa mguu. Hosteli ya shule imejaa. Wenzake wanapanga geto karibu na shule, watatu chumba kimoja, wanajipikia. Baba yake anasema na yeye apange geto. Mimi moyo unakataa ila sina hela ya shule ya bweni.

Binti wa Kondoa

Mama, usimpangishie. Naomba sana. Nimeona wenzangu wa geto. Unga unaisha Jumatano, na kuna mwanaume wa duka au wa bodaboda anayejua kwamba unaisha Jumatano. Ndivyo inavyoanza, kwa chips na lifti. Mtoto wa miaka 13 hawezi kulibeba hilo peke yake, hata awe na akili kiasi gani.

Mwalimu wa Miyuji

Naungana naye mama. Kwanza, mrudie mkuu wa shule kabla muhula haujaanza, ukiwa na mzazi mwingine mwenye tatizo hilo hilo, muulize orodha ya kusubiri hosteli. Kila mwaka kuna wanaopangiwa nafasi halafu hawaripoti, wamekwenda shule za binafsi, na vitanda vyao vinabaki. Jina lako liwe juu ya hiyo orodha na waijue sura yako. Mweleze kwa maneno wazi kwamba binti ana miaka 13 na umbali ni huo.

Pili, nenda kwa afisa elimu sekondari wa wilaya na barua ya kuomba abadilishiwe shule iliyo karibu au yenye hosteli. Ieleze kwa umbali wa kutembea na umri wake. Ambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Tatu, wakati unasubiri, tafuta ndugu au muumini mwenzako karibu na shule, mwanamke mwenye familia unayemfahamu kwa miaka, umpelekee gunia la mahindi na uweke makubaliano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Nenda ukalale hapo hata usiku mmoja kabla hujamwacha. Uone chumba atakacholala, analala na nani, na mlango unafungwaje.

Ikishindikana yote hayo, ni bora baiskeli kuliko geto. Wasichana wa kijiji kimoja waende pamoja, wawili wawili au watatu watatu, na wazazi mpeane zamu ya kuwasindikiza kipindi cha giza.

Mama wa Bahi

Asante mwalimu, asante binti. Kuna shangazi yake mume wangu anakaa jirani na ile shule, hatukumfikiria kwa sababu ana watoto wengi. Kesho nakwenda kuongea naye, na Jumatatu niko kwa mkuu wa shule asubuhi. Hiyo barua ya kwa afisa elimu naomba unisaidie kuiandika.

Mwalimu wa Miyuji

Nitumie ujumbe ndani: jina la kijiji, jina la shule aliyopangiwa, umri wake, na shule mbili zilizo karibu na kwenu. Barua utaipata leo usiku.